Kadi Isiyoingia

Wivu hauna macho, lakini masikio yake ni makali. Hiram alikuwa uani, amechutama mbele ya karai, akijisugua mikono iliyojaa vumbi la chuma. Maji yalikuwa yakipiga kelele, na bado alisikia kila neno Samuel alilokuwa akisema kwenye simu ndani ya nyumba.

"Ndiyo, papa. Ile kadi ya picha ndiyo ya kwanza. Nikiweka hiyo na RAM kidogo, gemu haikwami tena... Zii, si lazima ikuwe mpya. Ya mitumba iko sawa... Haya papa, tutaongea vizuri nikifika kwetu."

Hiram akaacha mikono ndani ya maji.

Papa ndilo jina ambalo mtoto wa Kimaasai humwitia baba yake, na ndugu za baba yake pia. Aliyekuwa upande wa pili wa simu ni Parsaoti wa Kajiado, mdogo wa marehemu baba yake Samuel. Marehemu mwenyewe hakutajwa jina katika nyumba ile, maana kwa watu wa Nasieku, mkewe, mtu akishazikwa jina lake huachwa lipumzike. Kwa hiyo Hiram alikuwa amemlea mwana wa mtu asiyemjua hata kwa jina, tangu mtoto alipokuwa akishikwa mkono kuvuka barabara ya Namanga hadi sasa amemaliza kidato cha nne na kumpita kimo. Mungu hakuwajalia mwingine, yeye na Nasieku. Na huyo mmoja alimwita Mzee Hiram, kwa heshima zote, kama mpangaji anavyomwita mwenye plot.

Na kwetu, kumbe, ni Kajiado.

Wakati wa chakula aliuliza kana kwamba hajali. "Hiyo kompyuta yako imefanya nini tena?"

Uso wa Samuel ukang'aa. "Haijaharibika, Mzee Hiram. Ni vile ilikuwa ya ofisi huko ng'ambo, kazi yake ilikuwa kuandika barua tu. Ukiweka gemu inakwama kama punda kwa matope. Nimetafuta kwa simu wiki mbili hizi. Kadi ikiwa poa, naweza hata kujifunza kutengeneza gemu zangu. Kuna watu wanaishi na hiyo kazi."

"Na nani atanunua?"

Kijana akamtazama mama yake.

"Parsaoti anasema kuna dume itauzwa," Nasieku alisema polepole, akimwongezea mumewe sukuma. "Na Samuel atakaa huko kidogo akingoja kuitwa chuo. Anataka kukuja muongee. Amekupigia simu mara ngapi, hushiki."

"Nilikuwa na grinda mkononi."

"Kila mara?"

Hiram alitafuna ugali wake. Dume. Mtu anauza ng'ombe mzima ili amvute mtoto upande wake! Kompyuta ile ingekuwa kamba, na kamba ikishafika Kajiado, mtoto angefungwa nayo huko huko.

*

Kibanda chake cha kuchomelea kilikuwa kando ya barabara, kati ya duka la simenti na Ndulu, mama wa chai na maandazi. Pale Kitengela, ukiona geti lenye maua ya chuma yaliyopindwa vizuri, huenda ni la Hiram. Na mageti yake yote yalikuwa na komeo la namna moja, alilolibuni mwenyewe: huvuti tu, unainua kwanza ndipo uvute. Mgeni angevuta hadi jasho limtoke. Mwenye nyumba hufungua kwa kidole kimoja.

"Leo chuma kimekukosea nini, fundi?" Ndulu aliuliza akimpa kikombe. "Unakigonga kama kimekuchukulia bibi."

"Si bibi. Ni mtoto."

Akamweleza. Ndulu akacheka hadi leso ikamtoka begani.

"Ee, baba! Wamaasai na ng'ombe utawaweza? Wewe uko na nini? Uko na mashine inazima kila saa. Hata hiyo mashine ingejua kutembea ingekuwa imeshahamia Kajiado."

Yalikuwa maneno ya mzaha, lakini yalimwingia kama cheche kwenye soksi. Mashine yake ya kuchomelea ilikuwa mbovu kweli. Yeye na Nasieku walikuwa wameweka pesa kidogo kidogo ili wanunue nyingine, yeye kutoka kwa mageti, Nasieku kutoka kwa maziwa aliyouza nyumba kwa nyumba kila asubuhi. Pesa hizo zilikuwa kwenye simu ya Hiram. Alijipapasa mfuko. Simu ilikuwa ya moto, au labda ni mkono wake.

*

Duka la Kaloki lilikuwa ghorofani, chumba chembamba chenye matumbo ya kompyuta yaliyotundikwa ukutani kama nyama kwenye bucha. Kaloki alimkaribisha vizuri na kumvutia kiti.

"Kijana anataka kadi ya picha," Hiram alisema, akijitahidi kusema kama mtu aliyezoea.

Kaloki akatoa kadi fupi, yenye feni moja, inayoenea kwenye kiganja. "Hii ndiyo watu wa bajeti wanachukua. Haisumbui."

Hiram aliitazama. Akamwona fahali upande mmoja, na hako kadude upande mwingine. "Hako kadogo? Hapana. Na hiyo?"

Aliyoinyoshea kidole ilikuwa ndefu kama matofali mawili, ina feni mbili na taa za rangi pembeni.

"Hiyo ni mnyama," Kaloki alikubali. "Imetumika, lakini iko imara. Lakini mzee, kesi ya kijana ni gani? Ile pana ya kusimama ama ile nyembamba ya ofisi?"

Hiram aliiona kompyuta ile kila siku imekaa juu ya meza, nyembamba kama Biblia ya kanisani. Lakini kusema nyembamba mbele ya mnyama yule kulikuwa kama kujishusha.

"Ya kawaida," akasema.

"Si umpigie tuhakikishe?"

"Sitaki ajue. Nataka imshtue."

Kaloki akakuna kidevu. "Mimi nikishauza kitu ya umeme hairudi, mzee. Si roho mbaya. Nimeandika pale juu."

"Nimeona."

Akalipa. Kaloki aliifunga kadi kwa uangalifu, akaongeza bisibisi ndogo bila kuombwa. "Ya kijana," alisema. Hiram alishuka ngazi akiwa amekumbatia mfuko. Jioni ile alitembea Kitengela kama mtu aliyetoka kupewa cheo.

*

Samuel alipofungua mfuko, macho yalimtoka. Halafu, kwa nukta moja tu, kitu kikapita usoni mwake na kutoweka.

"Hii ni kubwa, Mzee Hiram. Hii watu huiona tu kwa video."

"Si ni nzuri?"

"Ni nzuri sana. Asante. Asante sana, kwa kweli." Akaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Nitaiweka. Nisafishe tu vumbi kwanza."

Kesho yake bado alikuwa anasafisha vumbi. Na kesho kutwa pia.

Siku iliyofuata Hiram alirudi mchana kuchukua tepu ya kupimia aliyoisahau. Nyumba ilikuwa tupu. Juu ya meza, kompyuta ilikuwa wazi, kifuniko kimewekwa kando. Kadi ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha kushonwa cha Nasieku ili isiingie vumbi. Hiram alisimama pale kitambo, kisha akavuta tepu. Akapima boksi. Akapima kadi. Akapima tena, kana kwamba chuma huweza kujutia na kusogea.

Kadi ilizidi boksi kimo kwa karibu upana wa vidole vinne. Hata kulazimisha kusingewezekana.

Mtu anayepima geti mara mbili kabla ya kukata, siku ya kumpimia mwanawe alipima kwa macho ya wivu. Lakini lililomkata zaidi ni kile kitambaa. Mtoto alijua tangu siku ya kwanza. Alijua, akafunika, akanyamaza, ili mzee asiaibike.

Nasieku aliingia na mitungi mitupu ya maziwa akamkuta hivyo, tepu mkononi. Alitazama meza, akamtazama yeye.

"Umelipa na nini?" aliuliza.

Hiram akaikunja tepu polepole.

"Hiram. Umelipa na nini?"

"Na ile ya mashine."

Nasieku akaweka mitungi chini, mmoja baada ya mwingine. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Hiyo pesa ilikuwa na miguu yangu ndani. Kila asubuhi, matope, mbwa za watu. Ungeniuliza tu. Ningekwambia hata Samuel alikuwa ameshachagua ile fupi."

"Ile fupi," Hiram alirudia. Aliikumbuka ikiwa kwenye kiganja cha Kaloki.

"Ulikuwa unashindana na nani?"

Nasieku akatoka kwenda uani. Hiram alimsikia akiosha mitungi kwa nguvu, na baadaye, kama kawaida yake, alimsikia akimwekea maji ya kuoga motoni.

*

Jumapili Nasieku na Samuel walienda kanisani. Hiram alisema kichwa kinamuuma. Alikuwa ameketi kwenye kochi, viatu vimepakwa rangi bure, aliposikia geti likitikiswa. Likavutwa. Likavutwa tena. Kimya. Likavutwa kwa hasira.

Alijua ni nani. Akakaa. Moyo wa mtu ni shimo. Ule wake ulifurahi kidogo kwa kila mvuto.

"Hodi huko!" Parsaoti aliita. "Ama niruke kama mwizi?"

Hapo Hiram akainuka, akainua komeo kwa kidole kimoja.

"Sopa, Hiram."

"Ipa," Hiram akaitikia salamu ya Kimaasai.

Parsaoti alikuwa amevaa koti la kanisani, mkononi ana mtungi wa maziwa. "Hii geti ni kama mwenyewe. Unabisha, unavuta, haikutaki. Nimekupigia simu mpaka nikafikiria umekufa. Nikasema niende nikaone kama kuna matanga, ninywe chai."

Hiram akajikuta anatabasamu, akakasirika kwa kutabasamu. Walikaa. Parsaoti hakuanza na ng'ombe wala kompyuta. Aliuliza habari za kazi, mvua, mgongo wa Hiram, hadi Hiram mwenyewe akachoka kungoja.

"Nimesikia unauza dume ili umchukue kijana," akasema.

Parsaoti akaweka kikombe chini. "Nani anauza? Hiyo dume si yangu. Ni ya Samuel. Ndugu yangu alimpatia mtamba siku alitoka jino la kwanza. Mtamba akazaa, akazaa, na hii dume ni mtoto wake wa mwisho. Mimi nachunga tu. Na kwetu mali ya mtoto haiuzwi hivi hivi. Lazima yule anamlea aseme ndiyo. Ndiyo nimekuwa nikikupigia. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Ruhusa yangu?"

"Kwani kuna mwingine alimlea?"

Nje jogoo wa jirani aliwika bila sababu. Hiram alitazama mikono yake. Kumbe siku zote hizi mtu alikuwa akimbishia mlango ili ampe heshima, naye akajifanya hasikii. Ungedhani angepoa. Lakini wivu ni kama moto wa majani, ukizima hapa unawaka pale. Parsaoti, angeweza kushindana naye. Parsaoti alikuwa na jasho na simu na deni la chai. Lakini mtu aliyelala chini ya udongo miaka yote hii, asiyetajwa hata jina, na bado anampa mwanawe ng'ombe, huyo utamshinda na nini?

Akasimama, akaondoa kile kitambaa mezani.

"Angalia," akasema. "Nilinunua ili nikushinde. Haiingii."

Parsaoti akainama, akatazama kadi, akatazama boksi. Mabega yakaanza kumtikisika. Hiram alijikaza kupokea kicheko, nacho kikaja, lakini hakikuwa na sumu.

"Sisi tulinunua tanki la maji," Parsaoti alisema akipangusa macho. "Mzee mzima mimi, na pesa taslimu. Tukafika nyumbani, tanki ni kubwa kuliko mlango wa stoo. Bibi yangu aliketi chini."

"Mkafanya nini? Mkalirudisha?"

"Lirudi wapi? Tanki lilikuwa limeshalipwa. Tukabomoa ukuta."

Hiram akatazama tena lile boksi jembamba la ng'ambo. Ukuta. Bati la chuma tu, la unene mdogo kuliko mlango wa kuku. Chuma.

Nasieku na Samuel waliporudi waliwakuta wanaume wawili wamepiga magoti mbele ya meza, tepu kati yao. Samuel alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akasimama mlangoni kama anayeogopa kuharibu kitu.

"Njoo hapa," Hiram alisema. "Nilijua juzi haiingii. Kwa nini hukusema?"

Kijana akatazama viatu vyake. "Ulikuwa umefurahi, Mzee Hiram."

Hiram akaigusa ile kadi.

"Nikikutengenezea boksi kubwa, itafanya kazi?"

"Boksi, na power supply. Hii ya ofisi umeme wake ni mdogo, haiwezi kubeba hiyo kadi. Zingine zitaingia tu." Sasa maneno yalimtoka kwa kasi. "Na lazima ikuwe na matundu, hewa iingie mbele itokee nyuma. Dume asiuzwe. Power supply ya mitumba si bei ya dume."

"Dume hauzwi," Hiram alisema. Alikuwa ameulizwa ruhusa, naye akaitoa namna hiyo.

"Basi hiyo power italipwa na mbuzi wangu," Parsaoti akasema. "Na hiyo mtu hawezi kunikataza."

Hiram aliona kidonda kikifunguka tena. Akameza. "Mbuzi mmoja," akasema.

"Mmoja. Halafu atakuja nayo Kajiado, akae na sisi mpaka chuo kiite. Nyanya yake amezeeka."

Hiram akashika tepu, akaanza kupima.

*

Boksi walilitengeneza kwenye kibanda, kwa mabaki ya bati la mageti. Mashine mbovu ilizima kila mara, na kila ilipozima Ndulu alipiga kelele kutoka kwenye maandazi yake, "Hiyo ni kompyuta ama ni geti ya plot?" Samuel alipima, Hiram alikata. Kijana alimweleza ubao wa ndani unakaa wapi, kadi inalala vipi, waya unapita wapi. Hiram alimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja mzuri. Matundu ya hewa aliyakata kwa umbo la maua.

Samuel alizungukazunguka siku ile kama mtu mwenye neno.

"Sema," Hiram alisema.

"Mzee Hiram, unaweza kuchoma alama? Ile ya ng'ombe zetu. Ndani tu. Si lazima ionekane."

Hiram akavua miwani ya kazi. Alijua alama ile ni ya nani. Ni chapa ambayo marehemu aliwapiga ng'ombe wake ubavuni kwa chuma cha moto. Jina lisilotajwa lilikuwa limebaki hapo tu.

"Nichoree," akasema.

Kijana akachora kwa chaki sakafuni: nusu duara, na mstari uliopinda chini yake. Halafu akaitwa na Ndulu abebe maji. Alipokwenda, Hiram aliutazama ule mchoro muda mrefu. Angeweza kuuchoma ndani, kwenye kona, chini ya waya, kama alivyoombwa. Mtoto mwenyewe alimwachia mlango huo, kwa huruma.

Akavaa tena miwani. Akauchoma mbele kabisa, juu ya kitufe cha kuwashia, mahali ambapo kila mtu angeuona. Mashine haikuzima hata mara moja. Ilikuwa kazi safi kuliko maua yote ya mageti yake, na alipokuwa akiichoma alikuwa bado na wivu, tena mwingi.

Kisha akageuza boksi, na kwenye mlango wake wa ubavuni akaweka komeo. Dogo, la ukubwa wa kidole.

Jioni Nasieku aliigusa alama ile kwa ncha ya kidole. Alienda jikoni, na chai aliyoleta aliileta kwa Hiram kwanza, kwenye kikombe kikubwa cha wageni. Asubuhi aliamka mapema na mitungi yake ya maziwa, maana pesa za mashine zilikuwa zianze upya.

*

Parsaoti alikuja kumchukua Samuel kwa pikapu ya jirani. Boksi lilifungwa kwa blanketi na kuwekwa katikati ya magunia, kama mgonjwa. Hiram alifungua geti, akalifunga, akaenda kazini. Siku zilizofuata aligonga chuma, akanywa chai, na Ndulu hakumtania, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Simu ililia akiwa na grinda mkononi. Akaizima grinda.

"Mzee Hiram! Imewaka! Gemu haikwami hata kidogo. Watoto wote wa hapa wamejaa kwa mlango."

"Hewa inatoka nyuma?"

"Inatoka poa. Lakini sikia." Sauti ya kijana ilikuwa imejaa kicheko. "Nilienda kunywesha ng'ombe. Papa akataka kupanguza vumbi ndani. Amevuta hiyo komeo mpaka akachoka. Ameita majirani. Mmoja alikuwa anatafuta nyundo."

"Nyundo!" Hiram alisimama. "Mwambie asiguse! Mwambie ainue kwanza..."

"Nimeshafungua, Mzee Hiram. Na kidole kimoja."

"Ulimwambia nini?"

"Nimemwambia asisumbuke, hiyo ni ufundi ya kwetu. Huku hawaijui."

Kando ya kibanda lori la simenti lilikuwa likirudi nyuma, na Ndulu alikuwa akimpigia dereva kelele asimwage maandazi yake.

"Mzee Hiram? Uko?"

"Niko," alisema. "Niko hapa."